k9s kwa anayeanza: kuangalia klasta ya Kubernetes bila kuchoka na kubectl

Wiki haiishi kabla mtu aniandikie WhatsApp, mara nyingi saa tatu usiku, na picha ya skrini nyeusi: "Kaka, nimefungua hiyo kitu ya mbwa, sasa nifanye nini?" Mwingine: "Boss, jana nikibonyeza s ilifungua sheli, leo inaniuliza namba, imeharibika?" Mwingine hata salamu hana, ni "podi zangu zimepotea" halafu kimya. Nimejibu haya maswali mpaka vidole vimechoka, kwa hivyo naandika mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii halafu narudi kwa chapati yangu.

k9s ni programu ya terminali inayokuonyesha kilicho ndani ya klasta ya Kubernetes (kundi la mashine zinazoendesha programu zako ndani ya kontena) vile kinabadilika, bila wewe kuandika `kubectl get pods` (kubectl ni amri ya kuongea na klasta, podi ni kifurushi cha kontena moja ama zaidi) kila sekunde kumi kama mtu anayechungulia dirishani kuona kama matatu imefika. Iliandikwa na Fernand Galiana kwa lugha ya Go, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Jina ni mzaha tu: Kubernetes watu huikata k8s juu kati ya k na s kuna herufi 8, na k9s ukiitamka kwa Kizungu inasikika kama neno la jamii ya mbwa, ndio maana nembo yake ni kambwa. Nadharia imeishia hapo.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Terminali inayoonyesha rangi. Ya Linux, ya Mac ama Windows Terminal zote ziko sawa.
- `kubectl` ikiwa imeshainstaliwa na inafanya kazi. Hii narudia hapo chini juu ndio chanzo cha nusu ya maswali.
- Faili ya kubeconfig, inayosema klasta zako ziko wapi na unaziingia vipi, kawaida iko `~/.kube/config`. Kama ni klasta ya kazini, uliza anayesimamia akupe yako, usikopi ya mwenzako.
- Docker na `kind` (inatengeneza klasta ndogo ndani ya laptopu yako) kama huna klasta ya kuchezea. Imeji (kifurushi ambacho kontena inaanzia) ya nodi ya kind ni mamia ya megabaiti, so ivute ukiwa kwa WiFi ya ofisi, usichome bando la simu halafu uanze kunilaumu.

Hatua 1: Hakikisha kubectl inaongea na klasta

```
kubectl config current-context
kubectl get nodes
```

Ya kwanza inakuambia uko klasta gani, ya pili inaleta orodha ya nodi, yaani mashine za klasta. Kama ya pili imeleta makosa, simama hapo hapo. k9s inasoma kubeconfig ile ile na inatumia ruhusa zile zile, haina mlango wake wa nyuma, kwa hivyo mahali kubectl imekwama na yenyewe itakwama. Watu huruka hii hatua, wanainstali k9s mara tatu, wanaitoa, wanairudisha, kumbe shida ni VPN ya ofisi haijawashwa.

Hatua 2: Tengeneza klasta ya mazoezi

Usijifunzie klasta ya kazi. Tafadhali. Hii inachukua dakika chache:

```
kind create cluster --name mazoezi
kubectl create deployment duka --image=nginx --replicas=3 --port=80
```

Sasa una konteksti (jina la klasta na akaunti unayoingia nayo) inaitwa `kind-mazoezi` na ndani yake kuna diploimenti `duka`, agizo la kuweka podi tatu ziwe hai. Hii hata ukiivunja yote hakuna mtu atakupigia simu.

Hatua 3: Instali k9s

Mac, ama Linux yenye Homebrew:

```
brew install k9s
```

Linux ya kawaida, mimi napenda kuvuta faili yenyewe:

```
curl -LO https://github.com/derailed/k9s/releases/latest/download/k9s_Linux_amd64.tar.gz
tar -xzf k9s_Linux_amd64.tar.gz k9s
sudo install -m 755 k9s /usr/local/bin/k9s
```

Kama mashine yako ni ya ARM badilisha `amd64` iwe `arm64`. Windows unaweza kutumia `scoop install k9s` ama `choco install k9s`. Halafu popote ulipo hakikisha na `k9s version`.

Onyo kwa watu wa WSL (Linux ndani ya Windows): Windows na WSL ni nyumba mbili kwa ploti moja, kila moja na jiko lake. Ukiinstali k9s ndani ya WSL itatafuta kubeconfig ya WSL, si ile iko kwa `C:\Users`. Kopi faili uipeleke huko ama uelekeze `KUBECONFIG`. Hii imesumbua watu wengi sana, na wote walikuwa na uhakika klasta ndiyo imekufa.

Hatua 4: Ifungue mara ya kwanza bila uwezo wa kuharibu

```
k9s --context kind-mazoezi --readonly
```

`--readonly` inazima vitufe vya kufuta, kuhariri na vingine vya kubadilisha vitu. Hadi hatua ya 7 tembea hivyo hivyo tu. Kabla hujabonyeza chochote, angalia juu kushoto: kuna Context, Cluster, User, toleo la k9s, toleo la Kubernetes. Zoea jicho lako liende pale kwanza kila ukifungua, kabla ya kuangalia podi, kabla ya chochote. Sababu nitakuambia hatua ya 8 na haitanipendeza.

Hatua 5: Jifunze kutembea

Hapa usikariri orodha ndefu. Hivi vitufe ndivyo nagusa siku nzima:

- `:` halafu jina la kitu halafu Enter. `:pod`, `:dp` ya diploimenti, `:svc`, `:ns` ya neimspesi (vyumba vya kutenganisha vitu ndani ya klasta), `:ctx` ya konteksti.
- Enter inakuingiza ndani zaidi, Esc inakurudisha. Kwa diploimenti Enter inaleta podi zake, kwa podi Enter inaleta kontena, kwa kontena inaleta logi. Ni kama kushuka ngazi.
- `/` ni ya kuchuja. Andika `/duka` utabaki na zenye hilo neno tu.
- `0` inaonyesha neimspesi zote.
- `?` inaonyesha vitufe vyote vya pale ulipo.
- `:q` ama Ctrl-C kutoka.

Wale wa "podi zangu zimepotea", asilimia kubwa ni moja kati ya mbili: uko neimspesi nyingine, bonyeza `0`, ama uliacha chujio pale juu tangu asubuhi, bonyeza Esc. Podi haijaenda mahali.

Na yule wa s: kitufe kimoja kinaweza kufanya kazi tofauti kulingana na skrini uliyopo. Kwa podi `s` ni sheli, kwa diploimenti `s` ni kubadilisha idadi ya podi. Haijaharibika, umebadilisha chumba tu.

Hatua 6: Vunja kitu halafu ukisome

Hii ndio hatua ya maana kuliko zote, usiiruke. Acha k9s ikiwa wazi kwa `:pod`, fungua terminali nyingine pembeni, halafu uweke imeji ambayo haipo:

```
kubectl set image deployment/duka nginx=nginx:haipo
```

Rudi uangalie. Utaona podi ya nne imejitokeza, inaandika ErrImagePull, baadaye inabadilika kuwa ImagePullBackOff na mstari wake unabadilika rangi. Lakini angalia zile tatu za zamani: bado zinakimbia. Kubernetes haiui za zamani mpaka mpya iwe tayari, na kwa mipangilio ya kawaida ukiwa na podi tatu inaruhusu moja ya ziada na haikubali hata moja ipungue. Mimi nilisoma hiyo kitu kwa maelezo mara kadhaa na haikuniingia, niliielewa siku niliiona kwa skrini namna hii.

Sasa weka mshale kwa ile podi mbovu na ubonyeze `d`. Inafungua maelezo marefu, shuka hadi chini kabisa kwa Events. Sababu imeandikwa hapo wazi, kwamba imeji haikupatikana. Ukizoea kukimbilia chini kwa Events kabla ya kuniandikia mimi, tutabaki marafiki.

Vitufe vingine vya kusoma:

- `l` ni logi za sasa. Ndani yake `w` inakunja mistari mirefu, `s` inasimamisha skrini isikimbie, na zile namba zimeandikwa juu ni za kuchagua muda.
- `p` ni logi za kontena iliyotangulia, ile iliyokufa. Podi ikiwa CrashLoopBackOff, yaani inaanguka na kuzinduliwa tena na tena, hii ndiyo unataka, juu kontena ikishazinduliwa upya `l` inakupa logi za iliyozaliwa sasa hivi ambayo bado haijasema kitu. Kubernetes huizindua, ikianguka inangoja sekunde 10, halafu 20, halafu 40, hivyo hivyo hadi dakika 5, kwa hivyo ukiona imetulia usidhani imepona.
- `y` inaonyesha YAML yake, yale maandishi yanayoeleza vile imepangwa.

Ukiona kwa maelezo ya podi kuna namba 137 na neno OOMKilled, hiyo ni memori: kontena ilikula zaidi ya ilichopewa ikauawa. Usianze kutafuta bagi kwa logi kabla hujaangalia hapo.

Ukimaliza rudisha hali:

```
kubectl rollout undo deployment/duka
```

Ile podi ya nne itaondoka mbele ya macho yako.

Hatua 7: Ingia ndani ya podi na ufungue poti

Funga k9s, ifungue tena bila `--readonly`, lakini bado kwa `kind-mazoezi`. Simama kwa podi moja ya duka, bonyeza `s`, uko ndani ya kontena. Andika `ls`, zunguka.

Sasa sikia hii vizuri. Ukitaka kutoka andika `exit`. Usitoke na Ctrl-D. Najua mkono umezoea, kwa sheli nyingi Ctrl-D ni kutoka. Lakini ndani ya k9s, Ctrl-D ni kufuta. Ukiibonyeza mara mbili kwa haraka, ya kwanza inakutoa kwa sheli, ya pili inakukuta kwa orodha ya podi na inafungua kisanduku cha kukuuliza kama ufute. Na Ctrl-K ni mbaya zaidi, hiyo inaua bila kuuliza swali lolote. Wale mmezoea nano, mahali Ctrl-K ni kukata mstari, mko hatarini zaidi.

Poti: kwa podi bonyeza Shift-F, kisanduku kinatokea, weka poti ya kwako, mfano 8080, kubali. Fungua kivinjari kwa `localhost:8080` utaona ukurasa wa nginx. Zilizofunguliwa unaziona kwa `:pf`. Ukifunga k9s hizo njia zinafungwa pia, so usishangae kivinjari kikikataa baada ya kutoka.

Hatua 8: Kubadilisha vitu, na kile kisa changu

Kwa `:dp`, `s` inabadilisha idadi ya podi, `r` inazindua upya zote kwa zamu, `e` inafungua YAML uhariri. Jaribu `s`, weka 5, rudi kwa podi uhesabu. Halafu futa podi moja na Ctrl-D: itakufa na nyingine itazaliwa mahali pake, juu diploimenti inalinda idadi. Kufuta podi basi si jambo la kutisha sana. Kufuta diploimenti yenyewe ni habari nyingine kabisa, hakuna wa kuizaa tena.

Hiyo tofauti niliilipia. Ilikuwa Ijumaa saa kumi hivi, mvua inanyesha, kila mtu anawaza vile Ngong Road itakuwa imefungana. Nilikuwa na terminali mbili, kushoto stejingi (klasta ya majaribio), kulia prodakisheni (ile wateja wanatumia), zote nyeusi, zote k9s, zote font ile ile. Nilitaka kusafisha diploimenti moja ya majaribio kwa stejingi. Nikabonyeza `:dp`, nikachuja jina, nikapata, Ctrl-D, kisanduku kikauliza, nikakubali hata sijasoma. Majina yalikuwa yanafanana kwa klasta zote mbili. Nilichofuta ni kile kinapokea majibu ya malipo kwa prodakisheni. Dakika mbili baadaye simu ya dada wa kastama kea: "Wateja wanasema wamelipa na oda haitoki, kwani mmegusa nini?" Nikaangalia juu kushoto sasa, nikasoma Context, miguu ikawa baridi. Kwa bahati YAML ilikuwa kwa Git, nikairudisha na `kubectl apply`, halafu tukakaa hadi saa mbili usiku tukilinganisha malipo moja moja kwa mkono. Bosi hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Kwa hivyo hatua inayofuata usiseme utaifanya kesho.

Hatua 9: Fanya prodakisheni isifanane na kwingine

Andika `k9s info`. Itakuonyesha mahali inaweka faili zake. Kwa Linux kila konteksti uliyowahi kuifungua ina faili yake ndani ya `~/.local/share/k9s/clusters/`, chini ya jina la klasta halafu jina la konteksti, inaitwa `config.yaml`. Fungua ya prodakisheni, chini ya `k9s:` weka:

```
k9s:
  readOnly: true
  skin: nyekundu
```

Mistari mingine utakayokuta hapo usiiguse. Skin ni faili ya rangi, hapa `nyekundu.yaml`, unaiweka kwa folda ya `~/.config/k9s/skins/`. Kuna za kutosha kwa hazina ya k9s kule GitHub, chukua moja, badilisha rangi ya nyuma iwe nyekundu ya kuudhi, ile ya kuumiza macho. Inafaa iudhi.

Siku unahitaji kubadilisha kitu kweli kweli kwa prodakisheni, kuna `k9s --write`, ambayo inaipiku ile `readOnly`. Unaifungua, unafanya, unafunga. Lakini kumbuka hii ni ya kukuzuia wewe usiteleze, si ulinzi. Mtu asiyefaa kuwa na ruhusa ya kufuta anazuiwa kwa RBAC (kanuni za nani anaruhusiwa nini) ya klasta yenyewe, si kwa rangi.

Kitu kingine: kama timu yenu inatumia Helm (programu ya kuinstali vitu kwa Kubernetes) ama mfumo unaosoma Git na kusukuma mabadiliko, ukihariri na `e` mabadiliko yako yanaweza kufutwa siku wanasukuma tena, na hakuna atakayejua yalikuwepo. Tumia `e` kwa dharura, halafu ubadilishe kwa Git siku hiyo hiyo.

Ikikataa

*"command not found".* Faili haiko kwa PATH, orodha ya folda ambazo terminali hutafuta programu. Jaribu `/usr/local/bin/k9s version`. Ikifanya hivyo, rekebisha PATH.

*Inafunguka na kufunga hapo hapo, inaandika Boom.* Rudi hatua 1. Ni kubeconfig, VPN, ama klasta imezimwa. Kama umezima laptopu na klasta ni ya kind, angalia kwanza kama Docker iko juu.

*Unauthorized, na jana ilifanya.* Tokeni ya klaudi imeisha muda, ingia upya kwa programu ya hiyo klaudi. Kwa GKE (Kubernetes ya Google) hakikisha pia `gke-gcloud-auth-plugin` iko.

*Inaandika forbidden.* Huna ruhusa ya kuona neimspesi zote, si shida ya k9s. Fungua moja kwa moja kwa yako: `k9s -n jina-lake`. Kuhakikisha: `kubectl auth can-i list pods -n jina-lake`.

*CPU na MEM zinaandika n/a.* Klasta haina metrics-server, ile inayopima matumizi ya podi. Kwa minikube ni `minikube addons enable metrics-server`. Kwa kind unaiinstali mwenyewe na lazima uiongezee `--kubelet-insecure-tls`, bila hiyo itakaa hapo haiko tayari siku nzima.

*Rangi zimeharibika ama mistari imevurugika.* `export TERM=xterm-256color`, uiweke kwa `.bashrc` ama `.zshrc`.

*`s` kwa podi haifungui sheli.* Imeji nyingine hazina sheli ndani kabisa, zimetengenezwa hivyo kwa usalama. Hakuna cha kurekebisha, soma logi.

*Nimebonyeza `e` nimekwama kwa vi.* Esc, andika `:q!`, Enter. Halafu weka `export KUBE_EDITOR=nano` uishi kwa amani.

*Stima imepotea, WiFi imeenda nayo, k9s imegandia halafu ikajifunga.* Inajaribu kuunganisha mara kadhaa, ikishindwa inatoka. Klasta ya kazini haiko kwa laptopu yako, inaendelea huko iliko. Washa hotspoti, fungua tena, na usome juu kushoto kabla ya kugusa kitu.